Jozi Sita za Shangazi Mirdza

*Risala ya wafumaji wa Mežupe, Latvia, iliyosomwa mbele ya Mheshimiwa Gunvaldis Strautmanis, mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya, siku ya kufungua soko la kazi za mikono la Sikukuu ya Mikaeli*

Mgeni rasmi, Mheshimiwa mwenyekiti, mchungaji wetu, wauzaji wenzetu mliofika na mizigo yenu tangu alfajiri, mabibi na mabwana:

Makaribisho

Sisi wafumaji wa Mežupe tunakukaribisha kwa mikono miwili, na kwa kuwa leo umande umeganda mpaka kwenye vipini vya milango, tunakukaribisha pia kwa vipai vya nyama ya nguruwe vilivyotoka tanurini sasa hivi. Usione haya, chukua kabla mwenzetu Skaidrīte hajavifunika.

Tunajua ratiba yako imebana, na dereva wako ameshaanza kuangalia saa. Utatuwia radhi, kwa sababu risala hii ni ndefu kuliko ile tuliyoipeleka ofisini kwako wiki iliyopita. Ile ilisahihishwa na ofisi. Hii imesahihishwa na Shangazi Mirdza Kalnbērza, yule aliyeketi mstari wa mbele mwenye kitambaa cha kijani. Ombi letu kubwa la leo linamhusu yeye, na linahusu glovu alizouza kwenye soko hili mwaka jana, kwa hiyo tumeona tumsikilize yeye.

Tulikotoka

Kikundi chetu kilianza pale kiwanda cha maziwa kilipofungwa. Wanawake waliokuwa wakifunga jibini kutwa nzima walijikuta nyumbani, kila mmoja na jiko lake baridi. Tukaanza kukutana katika chumba cha walimu cha shule ya zamani, ambayo nayo ilikuwa imeshakosa watoto. Hatukukutana kwa ajili ya kufuma. Tulikutana ili tuwashe jiko moja badala ya saba. Shangazi Mirdza ndiye aliyekuja na sindano na uzi wa sufu, akasema hawezi kukaa na watu wanaopiga domo huku mikono imelala mapajani.

Mheshimiwa, wewe umekulia mjini Riga, kwa hiyo utatuvumilia tukieleza jambo ambalo hapa halielezwi. Glovu kwetu si vazi la baridi tu. Bibi harusi huja na sanduku la glovu alizofuma mwenyewe, akampa mama mkwe, akawapa mashemeji, nyingine akaziacha kisimani na zizini, ili nyumba mpya impokee. Miaka ikisogea, mwanamke huyo hulifungua tena lile sanduku na kuanza kufuma nyingine, za kijivu na nyeupe, zenye nyota mgongoni, bila matamvua. Hizo ni za watu watakaobeba jeneza lake. Jozi sita kwa mabega sita. Wanazivaa kanisani, wanambeba, wanakwenda nazo nyumbani. Ni asante ya marehemu, na kwa kuwa ni asante yake, lazima iwe imetoka mkononi mwake. Za kufumiwa na mwingine hazihesabiki.

Mafanikio

Fahari yetu kubwa ni meza. Usicheke, Mheshimiwa. Kwa miaka mingi soko hili lilituweka nyuma ya vyoo, na ni vigumu kumuuzia mtu soksi akiwa na haraka ya aina ile. Leo tuko mbele ya lango la kanisa, ubavuni kwa muuza asali, na hakuna anayeingia bila kutupita.

Lakini meza hiyo ina sheria yake. Ikionekana tupu kabla ya saa nane mchana, msimamizi humpa mfanyabiashara mwingine, na mwaka unaofuata wenye meza hurudi nyuma ya vyoo. Mwaka jana yalikuja mabasi ya wageni ambayo hatukuyatarajia. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimenunuliwa, hata kofia aliyokuwa ameivaa Biruta, mwenyekiti wetu. Skaidrīte alikuwa ameshaanza kucheza dansi, mara tukamwona msimamizi anakuja. Nyuma yake kulikuwa na bwana wa soksi za mashine, makasha yake tayari mabegani.

Shangazi Mirdza anakaa nyuma ya kanisa. Aliinuka, akarudi na furushi la shuka jeupe. Alipolifungua tulizitambua palepale. Biruta alimshika mkono.

"Mirdza, hizo haziuzwi."

"Meza ni tupu," akasema. "Na mimi sijafa."

Akazipanga. Msimamizi akasimama kidogo, akaondoka, na yule bwana wa soksi akaondoka naye akinung'unika.

Tulidhani ametoa kafara, na wengine wetu tuligeuka upande ili asituone machozi. Kisha akaanza kuuza, na hatujawahi kuona biashara ya namna ile. Bwana mmoja mwembamba, aliyevaa vizuri, alitaka kuzichukua zote kwa bei yoyote. Akaambiwa hazimtoshi. Bwana akamwonyesha kwamba zimemkaa sawasawa. "Mkononi, ndiyo," akajibu Shangazi, akamvua. Mama mmoja kutoka Ujerumani aliulizwa anaishi wapi, akasema Hamburg, akatakiwa safari njema. Dereva wa lori la maziwa alipewa kreti la asali la jirani alishike mpaka atakapomaliza kufungiwa mzigo wake, na Shangazi akafunga ule mzigo polepole mno. Kwa kila mwanamume mwenye mwili aliyekaribia, ilikuwa ni yale yale: "Geuka, baba, nikuone mgongo."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulifikiri moyo unamuuma kuachana nazo, kwa hiyo anawatafutia watu visingizio. Kwa jinsi alivyochelewesha, meza haikuwa tupu hadi soko lilipofungwa. Ndiyo meza hiyo hiyo yenye vipai vyako.

Jozi ya mwisho aliichukua bwana mmoja mrefu, kofia imeshuka mpaka masikioni. Aliulizwa kama mgongo unamsumbua, akasema hapana. Aliulizwa kama anaishi wilaya hii, akasema amehamia karibuni na anatafuta kazi ya kuwatumikia watu. "Kazi ya watu ina uzito wake," Shangazi akamwambia. "Vaa nione." Alipovaa, Shangazi alimshika mikono yote miwili, akakaa nayo muda mrefu kuliko biashara inavyohitaji.

Mheshimiwa, wakati huo hukuwa mwenyekiti, na yeye hakukujua.

Yanayotusumbua

Vijana wetu wako Ireland wanachuma uyoga, na wengine Norway wanajenga nyumba za watu. Aigars, mtoto wa Shangazi, hupiga simu kila Jumapili, na ni mtoto mwema. Hatuwalaumu. Ila pengo lao huonekana zaidi siku ya kuinua kitu kizito.

Majira ya baridi kabla ya soko lile tulimzika Zenta, mwenzetu. Walipatikana wanaume wanne, na mmoja wao ana ngiri. Nafasi mbili zilizobaki tulizishika sisi, Biruta na Shangazi Mirdza, nyuma. Makaburi yetu yako mlimani, na njia ilikuwa barafu tupu. Langoni Biruta aliteleza, na jeneza likagusa chini. Kwetu jeneza haligusi chini kabla ya kaburi. Shangazi Mirdza aliinama akasema, "Samahani, dada," kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu, tukainua tena. Tuliona aibu ambayo mpaka leo hatujui tuipeleke wapi. Tangu siku hiyo alipunguza maneno. Tulidhani ni majonzi, kumbe alikuwa anafikiri.

Basi letu hupita Jumanne na Ijumaa tu, kwa hiyo wanaougua siku nyingine wanangoja. Januari Shangazi alianguka kiharusi njiani, akija kutuwashia jiko. Haikuwa Jumanne wala Ijumaa. Mpaka lipatikane gari la kumfikisha hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kwenda zake. Alijaribu, Mheshimiwa. Tulimwona akiifunga sindano kwenye vidole kwa uzi, akifuma mstari mmoja, akiufumua. Siku moja aliweka sindano zake mapajani mwa Skaidrīte, akasema chuma kisichotumika hushika kutu. Siku hiyo tulirudi nyumbani mapema.

Tukakata shauri tumfumie zile jozi sita sisi wenyewe. Biruta alipompelekea habari, Shangazi alimkatalia. "Hizo zitakuwa asante yenu," alisema. "Mtu anibebe mimi, ashukuriwe na nyinyi?" Basi tukasema tutawatafuta walionunua, mmoja mmoja, tuzikomboe. Hapo ndipo alipotutazama kama watoto waliopoteza viatu huku wamevivaa.

"Mzirudishe za nini? Ziko kwa wenyewe."

Tukamwomba aseme tena.

"Zenta tulimwangusha kwa sababu tulingoja afe ndipo tukaanza kutafuta watu. Mimi nimetafuta mapema. Meza ilikuwa tupu, na watu walikuwa wamejaa, wana migongo kama milango ya ghala. Ningengoja nini?"

Biruta akamuuliza kama hao watu wanajua.

"Nilikuwa sijawaambia. Mtu ukimwambia jambo kama hilo sokoni, anarudisha bidhaa. Nendeni mkawaambie nyinyi, mna maneno mazuri."

Tulikwenda. Ilgvars, bwana misitu, alisema alishangaa tangu mwanzo kwa nini aliulizwa habari za magoti yake. Dereva wa maziwa alicheka, kisha akavua kofia. Ndugu wawili waashi wa parokia ya jirani walijibu kwa pamoja, kama wanavyojibu kila kitu. Mpiga kinanda wa kanisa, ambaye ujanani alikuwa mpiga mieleka, alikubali, akauliza tu nani atapiga kinanda yeye akiwa amebeba. Swali hilo bado tunalo.

Wa sita hatukumpata. Mwezi wa tatu gazeti la wilaya lilitoa picha yako ukikata utepe wa daraja kwenye theluji, na Skaidrīte akamwaga kahawa. Ulikuwa umezivaa. Nyota zilionekana vizuri kuliko daraja.

Maombi

Tunaomba basi lipite kila siku, au walau siku moja zaidi, na siku hiyo achague daktari. Tunaomba jengo la shule ya zamani lisiuzwe, au likiuzwa, jiko libaki na sisi tubaki nalo. Tunaomba sheria ya meza tupu ifutwe. Mfumaji aliyemaliza kuuza kabla ya saa nane hajapungukiwa na kitu. Amefanya kazi yake, na anastahili kukaa nyuma ya meza yake tupu akinywa chai watu wakimwona. Haya ofisi yako imeyasoma, na ilitujibu kwamba yanashughulikiwa.

La mwisho haikulisoma.

Mheshimiwa, kama umezivaa leo, watu wote hapa wanaziona. Kama umeziacha garini, hakuna neno. Hatuombi uzirudishe. Ulilipa bei uliyotajiwa, bila kupunguziwa, na hakuna mtu aliyekwambia unanunua nini. Kwa hiyo ukiona mzigo huu si wako, ziweke mezani kwetu ukipita kwenda garini. Hatutakuuliza, hatutakusema, na maombi yale mengine yatabaki pale pale. Shangazi ametuapisha juu ya hilo, maana sisi tulitaka kuyafunga pamoja.

Lakini ukiondoka nazo, tutajua umekubali. Mwenyewe anasema hana haraka. Anataka kwanza aone hilo basi. Siku itakapofika tutakupigia simu sisi, na tunaomba isijibu ofisi ikisema ratiba imebana. Njoo bila dereva na bila hotuba. Nafasi yako ni nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu ya urefu wako, na kwa sababu ndiyo nafasi aliyokuwa nayo Biruta alipoteleza. Njia inapanda. Vaa viatu vinavyoshika barafu.

Tunamwomba Mungu ailinde wilaya hii na wote waliotoka kwenda kutafuta riziki mbali, awarudishe wakiwa bado wanatukumbuka kwa majina. Wewe akupe hekima ya kutuongoza, akupe umri mrefu, akupe afya, ya mgongo hasa.

Ni sisi,
Wafumaji wa Mežupe

Imesomwa na Ausma Krastiņa, katibu.
Imesahihishwa na kutiwa sahihi na Mirdza Kalnbērza, kwa mkono wa kushoto.