Mkeka wa Bibi Eufrazia

Uvumi huu umenikaa rohoni: Bibi Eufrazia, aliyekuwa mgonjwa, amekutwa amefariki, mkeka umetandikwa mlangoni, alikuwa akingoja wanajumuiya wa kanisa lake waje kusali kwake.

Jana, ndani ya Noah ya abiria ya kupanda milima ya Mgeta, mbele yangu alikaa mama wa sare ya kwaya, kapakata sanda. Mzee mmoja mwenye magunia ya kabichi akamuuliza safari ni ya wapi.

"Shikamoo baba. Naenda kumzika Bibi Eufrazia. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yake."

"Kumbe ndio nyie mliokuwa mkiruka zamu ya kusali nyumbani kwake?"

"Kilima kile kikali, baba. Tena tulikuwa na mazoezi ya mashindano ya kwaya."

"Leo kilima kimelala?"

Dereva akapunguza redio. Hakuna aliyemuomba.

Mama akajifuta macho. "Tulishinda, baba. Nikiliona lile kombe, natamani ningempandia kilima hata Jumamosi moja ya sala."

"Basi mtamwimbia vizuri."

Gari likasimama, mama akashuka na sanda yake.

Wanangu, epukeni haya:
Kuruka nyumba ya mgonjwa.
Kusingizia kilima.
Kuimba upendo huku mtu anawangoja.
Kupanda siku ya mazishi tu.