Mama Shuka, Aliyeuogopa Udongo

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Shuka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne kati ya sita. Akiwa na miaka mitano alitumbukia katika shimo lililokuwa likichimbwa uani. Kingo zikabomoka, akafukiwa hadi kifuani. Alitolewa mzima, lakini tangu siku hiyo udongo ulimtisha, wala hakuficha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kilimo, maana jembe lilimtoa jasho kabla hajalishika.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi mashuka kwa miaka thelathini na miwili. Alipenda kusema, "Huku hakuna vumbi, kuna mvuke tu."

Tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na dereva wa gari la maji, mtu wa mizaha aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mumewe alifariki tarehe 3 Oktoba 2011. Siku ya mazishi, zamu ya mjane ya kutupa udongo ilipofika, Mama Shuka aligeuka akakimbia hadi barabarani, kiatu kimoja mkononi. Watu walisema yao. Yeye alisema moja tu: "Nimemwacha mume wangu bila hata konzi moja ya udongo. Nitamtazama kwa uso gani?"

Mtunza bustani wa hospitali, rafiki yake wa kazini, alimletea kopo la nyungunyungu wekundu. "Shemeji, kaburi liache kwanza," alimwambia. "Anza na hawa, walishe maganda ya jikoni, watayageuza udongo."

Akawaweka katika ndoo ya plastiki chini ya sinki, na woga ukamponza. Hakutoboa matundu, asije mmoja akatoka. Aliwamwagia maji kila siku, akawatupia maganda ya ndimu ili wanukie. Asubuhi ya nne alipofunua, walikuwa wamejazana kwenye kifuniko, wakamwangukia mkononi. Yowe lake liliwatoa majirani wote nje.

"Hata wao wanaogopa, shemeji," mtunza bustani alisema. "Wanakimbia kufa maji."

Neno hilo lilimwingia. Alitoboa ndoo, akachana magazeti, akayalowesha na kuyakamua kama shuka linalosubiri pasi. Akawapa maganda ya ndizi na viazi kidogo kidogo, akiyafukia kwa mwiko. Mwezi wa tatu aliuacha mwiko, akatumia vidole. Mwezi wa sita alipeleka konzi ya mboji kwenye kaburi la mumewe. Binti yake, anayesoma wasifu huu, alimsindikiza akaishia getini. Woga ule aliurithi mzimamzima.

Desemba 2022 alipatikana na ugonjwa wa moyo. Kila jioni, kitandani, aliuliza, "Umewalisha?" Binti alikuwa akiwalisha, ila kwa kufumba macho, na mama alijua. Wiki ya mwisho alimshika mkono. "Naogopa, mwanangu. Nitafukiwa tena. Safari hii udongo utakaonifikia kwanza uwe ule ninaoujua. Nawe usikimbie."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Jana binti yake alifungua ndoo macho wazi, akachota kwa mkono mtupu. Alilia muda wote, lakini alichota.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, rafiki yake mtunza bustani, na ndoo moja ambayo haijawahi kulala njaa.

Kopo la mboji liko hapa, miguuni pa msomaji. Akikunja karatasi hii atasogea ukingoni mwa kaburi awe wa kwanza kutupa, na mtu asimshike. Pumzika kwa amani, mama. Huu ni ule wa chini ya sinki.