Tangi Lisilojaa Lilimnyima Bi. Nchagwa Usingizi

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Priscilla Nchagwa anastaafu kazi ya afya ya umma baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake, ikaniomba kwa upole nisiguse habari za kisima. Madam mwenyewe alitufundisha kwamba mtu akikuomba kwa upole usiguse kitu, anza hapo hapo. Kwa hiyo kisima kinakuja, msiwe na haraka.

Alianza kisiwani Mfangano, Mei 1991, akihesabu vyoo. Kule mwamba ni mgumu na kuchimba choo ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo alipokuta choo chenye kufuli jipya linalong'aa alishuku. Mwenye boma alisema ufunguo umepotea. Bi. Nchagwa akaketi kwenye jiwe, akamwambia hana haraka, akala muhogo aliokaribishwa na kungoja hadi saa tisa alasiri. Ufunguo ukapatikana. Ndani mlikuwa na nyavu za kuvulia na sakafu ya udongo isiyo na tundu hata moja. Tangu siku hiyo hakuandika choo kitabuni bila kuchungulia shimo.

Baada ya miaka mingi Kehancha, alihamishiwa ofisi yetu ndogo ya Nyaborera, upande wa Isebania, mwaka 2012. Nyumba za kupanga zilikuwa zinaota kila kona, kila ploti na tangi lake la maji taka, na kila tangi na kisima cha jirani hapo chini. Alikuja na chuma chake kirefu cha kupimia kina, kilichotiwa alama kwa rangi ya kucha. Wapangaji wakiona hicho chuma mlangoni walijua mwenye nyumba ana siku mbaya.

Bwana Abdullahi, mwenye lojing'i ya kulaza wasafiri karibu na stendi, alimpokea kwa chai na kujisifu kwamba tangi lake halijawahi kujaa kwa miaka minane. Wengine tungempongeza. Madam aliuliza jambo moja tu: kama halijai, uchafu unaenda wapi? Mfuniko ulipoinuliwa ilionekana fundi hakuweka sakafu chini, udongo mtupu, kila kitu kinanywewa na ardhi. Abdullahi alikasirika wiki nzima, kisha akajenga upya. Leo ndiye anayewaonya wenzake kuhusu mafundi wa aina hiyo, na halua ya sherehe hii imetoka kwake.

Nilijiunga naye miaka sita iliyopita, mimi Cliff Monari, nikajifunza kushuku. Shuku zege lililokauka haraka. Shuku cheti kisicho na vumbi. Shuku fundi anayetaka kufunika kabla ya mvua. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka ikanichosha: sahihi hutiwa baada ya macho kuona chini ya tangi.

Februari mwaka huu tulikuwa tunaandaa ripoti ya makabidhiano yake. Mimi, kwa kujigamba, nikasema ofisi yetu haijawahi kuita lori la kunyonya maji taka tangu jengo lifunguliwe mwaka 2014. Madam aliweka kikombe chini. Mimi nilidhani amefurahi.

Alitoa faili. Cheti cha tangi letu kilikuwa na sahihi yake. Siku ile wageni walikuwa wanakuja kesho yake kufungua jengo, fundi alikuwa ameshafunika, na Madam akaona hii ni ofisi ya afya, nani ataidanganya? Katika miaka yote hiyo, tangi moja tu hakuliona chini, nalo lilikuwa letu.

Tulimimina rangi ya kijani chooni. Siku ya tatu Jedidah, anayepika chai sokoni kwa maji ya kisima kilicho nyuma ya ofisi, aliinua ndoo akaita watu. Maji yalikuwa ya kijani. Wajukuu wake wawili walikuwa wamelazwa kwa kuhara mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na sisi ndio tuliomwambia ajaribu kuosha mikono vizuri. Naandika haya kwa aibu.

Simu zikaanza. Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja, alishauri kwamba jambo hili lingoje hadi Septemba, Madam akishaondoka na faili safi. Madam alimshukuru kwa ushauri, akachukua kitabu cha ilani, akaenda sokoni. Nilitaka kumzuia. Nilimpenda, na nilijua barua ya onyo itafika. Alisimama kando ya kisima mbele ya Jedidah na soko zima, akasema, "Sahihi ni yangu. Msinywe maji haya tena." Kisha akajaza ilani ya kufunga kisima, na penye jina la mkosaji akaandika lake.

Barua ya onyo ilifika Aprili. Ndiyo barua pekee ya aina hiyo katika faili yake, na ameniomba niseme ipo. Jedidah hakumsemesha kwa mwezi mzima. Tangi jipya lilijengwa Mei, na Madam alishuka ndani mwenyewe kwa ngazi, akiwa na miaka sitini, akipapasa kuta kwa kiganja. Kisima bado kimefungwa, na chai ya leo imepikwa na Jedidah kwa maji ya bomba. Nimeuliza mara mbili.

Jumamosi iliyopita aliniita kwenye nyumba anayomalizia Kehancha. Alisema hajiamini tena kukagua tangi lake mwenyewe, nishuke mimi. Nikashuka na tochi. Juu, yeye na fundi walisimama wakingoja, na fundi alikuwa na haraka ya kufunika kwa sababu ya mawingu. Kona ya mashariki haikuwa na plasta. Nilifikiri juu ya miaka yake, sherehe hii, na jinsi ingekuwa rahisi kumpa zawadi ya cheti. Nikapanda, nikamwambia sitatia sahihi. Madam alinishika mkono kwa nguvu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Asante, Madam, kwa kutufundisha kazi, na zaidi kwa siku ile ya kisimani. Tunakutakia maisha mema Kehancha, wewe na jamaa zako. Ile kona ikishapigwa plasta unipigie simu, na mfuniko usiwekwe kabla sijafika.