Topista Nambozo, Aliyeambiwa ni Asidi

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Mama Kagoya alikuwa Wanale akipalilia vitunguu simu ilipolia. Alikuwa Douglas, mchumba wa bintiye, akipiga kutoka hospitali Jinja. Hakuweza kusema, alilia tu. Mama aliweka jembe chini, akamwambia, "Nimesikia, mwanangu. Kata simu."

Topista alizaliwa Buwenge tarehe 4 Agosti 2000, kifungua mimba wa Mzee Eriya Wanyera na Mama Kagoya. Familia ilihamia hapa mlimani Wanale, kwao baba, Topista akiwa na miaka sita. Siku moja alitumwa chumvi, akarudi na kiberiti kabla maji hayajachemka. Alipogombezwa alijibu kwamba miguu ilitangulia masikio. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari mjini Mbale hadi kidato cha nne, mwaka 2017.

Mwaka 2019 alikwenda Jinja kuuza vitambaa dukani kwa Mama Hajarah, akajiunga na klabu ya mbio ya Afande Kirunda, mwanajeshi mstaafu. Mwaka jana Douglas, ambaye ni mwalimu, alileta posa. Harusi ilipangwa tarehe 26 Aprili. Gauni lilishonwa kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe. Leo amelivaa.

Novemba alianza kuumwa paja. Afande alisema ni asidi ya mazoezi iliyoganda kwenye misuli. "Asidi haitolewi kitandani, Topista. Inatolewa barabarani." Wenzake wakambandika jina la Betri, na kila akichechemea walimwuliza kama chaji imekwisha. Alicheka nao, akaongeza mbio. Krismasi Mama alimkanda kwa maji ya moto, kwani naye alikuwa ameambiwa ni asidi.

Tarehe 22 Februari alianguka mazoezini. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika karibu na nyonga. Daktari aliieleza familia kwamba asidi ya mbio huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayomfuata mtu hadi kitandani, wiki baada ya wiki, mara nyingi ni ya mfupa ulioanza kupata ufa. Ufa ule ulihitaji mapumziko. Alipasuliwa, mfupa ukaungwa, lakini bonge la damu lilipanda likaziba mapafu, akafariki Jumanne ile Douglas alipopiga simu.

Ameacha wazazi wake, mdogo wake Patience, na Douglas.

Jana mwili ulipofika barabara ya chini, Afande Kirunda alisema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Eriya alimjibu mbele ya watu wote: "Mungu aliweka siku ya kupumzika, Afande. Wewe ndiye uliyeikataa."

Wakimbiaji wenzake waliinua jeneza, wakataka kupanda nalo mbio hadi nyumbani, kumpa heshima ya mwanariadha. Mama Kagoya alisimama mbele yao.

"Mtembee," alisema. "Kukimbia amemaliza."

Wakatembea. Afande alifuata nyuma, kofia mkononi.

Bwana ampe pumziko alilonyimwa.