Fideli Hakuharibu Sauti

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nawasalimu Kanyenye na Gongoni, nawasalimu Urambo na Ulyankulu, na nyinyi wa Ziba mnaotupata kwa kuzungusha zungusha antena. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye dukani ampe mteja chenji yake, kisha asogee karibu na redio. Mimi ni Elieth Mahona. Leo tunamkumbuka Fideli Nizigiyimana, mpiga gita na mpangaji wa sauti, tuliyemzika Ulyankulu wiki iliyopita.

Nisiwafiche. Nimekuja studio nimekasirika. Nilidhani nikishalala hasira itapungua. Haikupungua.

Fideli alizaliwa Ulyankulu. Narudia, kwa sababu kuna watu hili haliwaingii: alizaliwa Ulyankulu. Wazazi wake ndio waliokimbia mauaji Burundi. Walikabidhiwa pori, wakalifyeka, wakalima mahindi na tumbaku. Fideli alikuja duniani ukuta wa nyumba umeshasimama. Kirundi alikijua cha ndani ya nyumba, Kiswahili ndicho alichogombania na kuchekea. Gita alianza kulishika kwenye kwaya ya kigango, kanisa dogo la kijijini, gita jeupe la zamani lililoachwa na katekista mmoja. Mkewe Benigna, tunayemwita mama Benigna, ameniambia hivi: "Lile gita lilikuwa na sauti ndogo, dada Elieth. Ukilipiga bila kulisaidia, kuku tu ndio wanasikia."

Shikeni neno hilo, kwa sababu msiba wote huu umetoka hapo. Gita jeupe la Fideli lilikuwa na sauti ndogo.

Alipokuja mjini alipokelewa na Mzee Hamoudi Muhanna wa Kanyenye. Wengi mnamjua. Ana duka la spika na vyombo vya muziki, na ana bendi ya harusi. Mzee Hamoudi alikuwa ameagiza mashine mpya, wanaiita prosesa. Ni kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu. Unachomeka gita huku, unachomeka spika kule, na kisanduku kinaiga sauti za amplifaya kubwa kubwa ambazo hakuna gari la harusi la kuzibeba. Unapanga sauti unayoitaka, unaihifadhi, unaipa jina. Siku ya kazi unakanyaga tu.

Fideli alizipa sauti zake majina ya vituo vya njia ya zamani ya misafara. Laini kabisa, safi kama maji ya kisima, aliiita Bagamoyo. Yenye joto kidogo, Mpwapwa. Ya kuchezea watu, Kwihara. Na ile inayokwaruza, inayonguruma, ya kuamshia ukumbi uliolala, hiyo ilikuwa Ujiji. Kadiri ulivyokwenda magharibi ndivyo sauti ilivyochafuka kwa makusudi. Watu wa Kigoma walinuna. Yeye alicheka tu.

Sasa sikilizeni vizuri, sitasema kitu kigumu. Magita hayafanani nguvu. Kuna gita lenye sumaku dhaifu chini ya nyuzi, hilo linanong'ona. Kuna lenye sumaku nene, hilo linafoka. Kisanduku hakijui nani kaja. Kinapokea kilicholetwa. Ukikipangia sauti kwa gita linalonong'ona, halafu ukachomeka linalofoka, ile sauti safi inapasuka. Umekanyaga Bagamoyo, umejikuta Ujiji.

Na kupunguza sauti ya spika hakusaidii. Kilichopasuka kimepasukia mlangoni, kule gita linapoingilia. Ukipunguza spika unapata mpasuko uleule kwa sauti ya chini. Dawa ni kupunguza pale mlangoni, mpaka gita lenye nguvu liingie kwa kipimo kilekile cha gita dhaifu.

Kwenye kwaya ya parokia, ambako magita yalikuwa mawili na kisanduku kilikuwa cha kuazima dukani, Fideli alikuwa na utaratibu wake. Anamwambia mpigaji, "Piga kwa nguvu zote, kama siku ya Pasaka." Anatazama taa ya kisanduku, ikiwa nyekundu anapunguza mlangoni. Kisha anageuka, anatazama ukuta. Anawaambia wapige gita moja, halafu la pili, wasimwambie ni lipi. Akiweza kubagua lipi lina nguvu, anarudi kwenye kisanduku. Akishindwa kubagua, kazi imekwisha. Wanakwaya walikuwa wanakereka, wanasema huyu baba anaongea na ukuta.

Kwenye bendi ya Mzee Hamoudi hakukuwa na haja ya ukuta. Gita lilikuwa moja tu, jeupe, la Fideli mwenyewe. Vituo vyote vya kisanduku alivipangia gita hilo.

Halafu Mzee Hamoudi akataka sura mpya. Akamchukua kijana aliyetoka kupiga Dar es Salaam, anaitwa Lugembe, kijana mzuri, ana gita jeusi linalofoka. Fideli akaambiwa apumzike. Hakugombana. Akalichukua gita lake, kisanduku akakiacha, maana ni mali ya duka. Na alipokuwa anaondoka, pale dukani, mchana kweupe, alimwambia Mzee Hamoudi: "Atakayekuja mwambie anitafute kabla hajapiga. Zile sauti nimezipangia gita langu. La kwake litazipasua."

Nani alisikia? Alisikia Tufaha, binti wa Mzee Hamoudi, aliyekuwa anapima kitambaa cha spika pale pale. Tufaha mwenyewe ameniambia, na ameniruhusu nimtaje. Mzee Hamoudi aliambiwa. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mzee Hamoudi aliambiwa.

Akasahau. Sawa, binadamu husahau. Alikuwa anaoza binti, na harusi yenyewe ilikuwa ya Tufaha huyo huyo. Ukumbi ulikuwa Gongoni. Wakwe wametoka Ujiji, wamevaa wakapendeza. Bibi harusi anaingia, Lugembe anakanyaga Bagamoyo, na badala ya sauti ya maji ya kisima ikatoka sauti ya bati linaloburuzwa juu ya lami. Lugembe akapunguza kwenye gita, sauti ikaziba kama mtu mwenye mafua. Fundi wa spika akapunguza za kwake, mpasuko ukabaki pale pale. Shangazi mmoja wa upande wa wakwe akaziba masikio. Wengine wakacheka. Tufaha amesimama mlangoni na shela lake, hajui aingie au arudi.

Mzee Hamoudi akashika kipaza sauti. Angeweza kusema samahanini, mitambo. Kila harusi ya nchi hii imeshasikia neno mitambo. Yeye akasema: "Kuna mtu nimemwachisha kazi ametuharibia mashine. Mungu anamwona."

Tufaha anasema alipokaa tu alimnong'oneza baba yake. "Nikamwambia, baba, si Fideli alikwambia lakini? Akanijibu, usiniaibishe mbele ya wakwe."

Basi ikawa hivyo. Aibu ya Mzee Hamoudi ikafunikwa kwa jina la Fideli. Kesho yake mji mzima unajua. Mkimbizi kalipiza kisasi. Mkimbizi! Mtu aliyezaliwa Ulyankulu. Bendi nyingine zikakataa hata asiguse waya. Parokia, ambako alipanga magita kwa miaka, wakamwambia apumzike kwanza mpaka maneno yapoe. Neno hilo la kupumzika alikuwa ameshalichoka. Akarudi kwake, akashika jembe. Mama Benigna anasema, "Alikuwa anaamka anakwenda shamba, anarudi, anakaa. Gita halitazami. Nikimwambia piga hata moja, ananiambia, nikipiga watasema nafurahia."

Lugembe hakutulia. Siku moja mchana, kanisani kwa rafiki yake, aliazima gita dhaifu la kwaya, akalichomeka kwenye kile kisanduku, akakanyaga Bagamoyo. Ikatoka safi. Hakuna kilichoharibika. Hakuna kilichowahi kuharibika. Lugembe akapanda gari mpaka Ulyankulu, kisanduku mapajani, gita jeusi mgongoni, kwenda kuomba radhi na kuomba kufundishwa.

Nimezungumza naye juzi. Ananiambia: "Mzee Fideli alinipokea vizuri, nikala ugali wake. Lakini kisanduku alikataa kukigusa. Akaniambia, mdogo wangu, nikikigusa leo watasema nimekuja kutengeneza nilichokiharibu. Hamoudi aseme kwanza ukweli mbele za watu, ndipo nitakishika. Akaweka mikono nyuma. Akanielekeza kwa mdomo, punguza pale, piga kwa nguvu, punguza tena. Halafu akageuka akatazama ukuta, akasikiliza gita langu na lake. Aliposhindwa kuyabagua akasema, nenda."

Lugembe akarudi mjini. Bendi ikapiga vizuri kuliko zamani. Mnajua watu walisema nini? Walisema Lugembe ni fundi, kaitengeneza mashine aliyoiharibu Fideli.

Lugembe alikwenda kwa Mzee Hamoudi, akamweleza kila kitu, akamwomba aseme. Jibu alilopewa ni hili: "Watu wameshasahau, kijana. Ukilifukua unamuumiza mwenyewe." Walikuwa wamesahau nini? Harusi waliisahau. Jina hawakulisahau. Fideli akija mjini kununua mbolea, wenye maduka wanasogeza mbali redio zao za kaunta, wanacheka, wanasema asije akazitia mkosi. Yeye ananunua mbolea anaondoka.

Figo zilimlaza mwaka huu, hazikumpa nafasi ya kuinuka. Tangu ile harusi miaka mitatu imepita. Miaka mitatu Ulyankulu haikuhama, barabara haikufungwa, simu ya Mzee Hamoudi haikukosa chaji.

Wiki iliyopita tulikwenda kuzika. Mzee Hamoudi alifika mapema, na alikuja na masufuria ya pilau. Kabla wasifu wa marehemu haujasomwa aliwaita pembeni wazee wa ukoo, akaomba habari ya ile harusi isitajwe, kwa heshima ya marehemu. Wazee wakakubali, wakasema msiba si mahali pa ugomvi. Kwa hiyo wasifu ulisomwa ukairuka habari hiyo. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akapiga gita, akalima, akaugua. Ukiusikiliza utafikiri aliacha muziki kwa kulipenda jembe la tumbaku.

Kisha Mzee Hamoudi akasimama. Akasema Fideli alikuwa kama mwanawe. Akasema chumba cha mazoezi pale dukani kitapewa jina la Fideli Nizigiyimana, kitaandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Watu wakapiga makofi.

Mama Benigna alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na binti yao Inamahoro. Hakusimama. Alisema pale alipo, kwa sauti ya kawaida: "Jina lake mmekaa nalo miaka mitatu, baba. Mmelichafua. Lisafisheni kwanza, ndiyo mlibandike ukutani."

Hakuna aliyempigia makofi. Mzee mmoja akakohoa, padre akaanzisha sala.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tuliowahi kucheza kwa vidole vya Fideli, natoa pole kwa mama Benigna. Natoa pole kwa Inamahoro na wadogo zake, kwa ukoo wote, na kwa wanakwaya wa kigango. Mungu ampumzishe Fideli kweli, siyo kule kupumzishwa alikopumzishwa na sisi.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Kuna mtu ulimsema, ukaja kugundua ulikosea, ukanyamaza kwa sababu wengine walikuwa wameshaamini? Usingoje kumpikia pilau. Mpigie simu sasa hivi, hata kama sijamaliza kuongea.

Mzee Hamoudi, najua redio ya duka lako haizimwi. Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni kama binti yako, na kipaza sauti hiki ninachokishika ulinifungia wewe. Tufaha ameshasema. Lugembe ameshasema. Mimi nimesema, na kesho utanigombeza, nitakusikiliza. Lakini sisi sote hatukuwa na kipaza sauti siku ile Gongoni. Mama Benigna hataki kusikia kwetu. Yuko Ulyankulu, nyumba ya pili ukipita kigango, na arobaini ya msiba haijafika. Anakungoja useme.