Maneno Yaliyofungiwa Ndani

Gari lilipotoka Tumbe, Bi Rahila, mwalimu mstaafu, alikuwa amepakata kompyuta aliyoifunga kwa kanga. Mzee Jecha, aliyekaa ubavuni pake, akamuuliza kulikoni.

"Haiwaki. Mna maneno yetu ya Kipemba humu, nimeyakusanya miaka minne. Nikimpigia fundi simu, ananambia niizime kwanza. Nizime nini, na haiwaki?"

"Ungeandika daftarini, Bi."

"Niliandika. Mchwa wakala mpaka herufi M."

Mzee akaitazama ile kompyuta. "Na 'dago' mna humo?"

"Mna. Kambi ya wavuvi."

Gari likasimama Gombani, aliko fundi, Bi Rahila akashuka. Mzee Jecha, ambaye safari yake ilikuwa Wesha, akashuka naye. "Twende kwa huyo fundi," akasema, "lakini daftari ni bora."

"Si bora!"