Kinyozi Anakwenda kwa Baba

Ndani ya basi, mshonaji alijifanya amesinzia, maana mazungumzo ya kiti cha mbele yalikuwa yamenoga, na watu hawamfichi kitu mtu aliyelala.

Kinyozi mmoja, mkoba wa kazi mapajani, alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba anakwenda kumnyoa baba yake, mgonjwa wa kitandani. "Baba yupi, mwanangu? Huyo uliyeniambia alikuwa akikupiga mpaka unazirai?" mama akauliza. "Huyohuyo, mama. Vipigo vyake ndivyo vilivyonitumbukiza kwenye ulevi. Sasa nimeacha, nashukuru Mungu."

"Basi anyolewe na mwingine! Kidonda kimepona, unakwenda kukitonesha cha nini?"

"Nisipokwenda, nitajuaje kama kimepona?"

Mama akaguna. Mshonaji naye nusura agune, akakumbuka kwamba amelala.

"Na mkono ukianza kutetemeka kwa hasira, wembe uko shingoni mwake?"

Kinyozi aliunyoosha mkono, akautazama kama kitu cha kuazima. "Nitauweka wembe chini, ningoje hasira ipoe. Yeye hakuwahi kungoja."

Basi likasimama. Mama, bado akitikisa kichwa, akakunja miguu ili kinyozi apite.